Kwa Nini Madaktari Walikwenda Mulago

Kijana atakaye kujifunza useremala hatazami rangi ya mlango wa karakana. Huuliza ni samani gani zitokazo humo, na fundi mkuu ni nani. Daktari naye, akiisha kupata shahada yake ya kwanza na kutamani ubingwa, hana budi kuuliza maswali ya namna hiyo hiyo. Insha hii yataka kueleza kwa nini, kati ya mwaka 1945 na 1970 hivi, madaktari wa Afrika Mashariki, pamoja na wengine waliotoka ng'ambo, walichagua kwenda kujifunza patholojia katika Hospitali ya Mulago huko Kampala, ingawa zilikuwako hospitali nyingi duniani zenye majengo mazuri zaidi na mishahara minono zaidi.

Habari hizi hazituhusu kwa mbali tu. Hapa Moi's Bridge, mji ambao zamani uliitwa Hoey's Bridge kwa jina la mlowezi aliyejenga daraja juu ya Mto Nzoia, reli ya kwenda Kitale ilipita mwaka 1926. Njia hiyo ilichipuka kutoka Leseru, katika reli kuu iendayo Uganda. Mwanafunzi wa sehemu hizi aliyetaka kuwa daktari, akishuka Leseru na kupanda treni nyingine, angeweza kupita Tororo na Jinja hadi Kampala yenyewe. Wala hakuwa na njia nyingine katika nchi zetu, maana kabla ya mwaka 1963, shule ya udaktari ilipofunguliwa Dar es Salaam, na mwaka 1967, ya Nairobi ilipofunguliwa, Makerere ndiyo iliyokuwa shule ya pekee ya kufundisha udaktari katika Afrika Mashariki.

Yafaa kwanza tuseme patholojia ni kitu gani. Ni elimu ya kuchunguza maradhi yanaufanya nini mwili. Watu wengi hudhani kwamba daktari wa patholojia ni mpasuaji wa maiti tu, na kwa sababu hiyo wengine humwogopa kama wamwogopavyo mchimba kaburi. Ni kweli kwamba huchunguza maiti, ili ijulikane kilichomwua mtu. Lakini kazi yake kubwa ni kwa walio hai. Daktari mpasuaji akikata uvimbe katika mwili wa mgonjwa, kipande chake hutiwa katika dawa ya formalini kisioze. Halafu hukaushwa maji, huzamishwa katika nta, hukatwa vipande vyembamba mno, unene wa sehemu tatu au nne za elfu za milimita, hulazwa juu ya kioo na kutiwa rangi, zambarau na waridi. Ndipo daktari huyo hukitazama kwa hadubini na kusema: hii ni saratani, au hii si saratani, na kama ni saratani, ni ya namna gani. Neno lake ndilo limwongozalo mpasuaji ashike kisu au akiweke chini, na limwongozalo mganga atoe dawa hii na si ile. Akikosea yeye, wote wamfuatao hukosea.

Sasa, kwa nini Mulago?

Sababu ya kwanza ni kwamba kazi ilikuwa nyingi, na ilikuwa ya kweli. Mwaka 1950 John Davies, Mwingereza ambaye rafiki zake walimwita Jack, alikuwa profesa wa patholojia katika Makerere. Alikuwa amekwisha kufanya kazi katika nchi hiyo tangu miaka ya 1940, akichunguza maiti wengi waliopita katika hospitali. Hakuridhika kuandika jina la ugonjwa lililomo katika vitabu vya Ulaya ikiwa alichokiona mbele yake hakikufanana nalo. Katika miaka hiyo aliona mioyo ya watu waliokufa kwa kuvimba mwili, akakuta kwamba utando wa ndani wa moyo umekuwa mnene na mgumu kama ngozi iliyokauka, hata moyo usiweze kutanuka na kupokea damu. Akaeleza jambo hilo mwaka 1948 katika gazeti la madaktari wa Afrika Mashariki. Kadhalika alichunguza watoto waliokufa kwa utapiamlo wa kwashakoo, akaonyesha jinsi kongosho lao lilivyodhoofika. Mwanafunzi aliyekaa karibu na mtu wa namna hiyo alijifunza jambo ambalo haliuzwi dukani: kuyaamini macho yake, na kuyapima.

Katika miji mingi ya Ulaya wakati huo daktari kijana angeweza kutazama vioo mwaka mzima akakutana na maradhi yale yale ambayo walimu wake wamekwisha kuyaeleza na kuyaandika. Huko Kampala alikutana na mambo ambayo hayakuwa katika kitabu cho chote. Ndiyo maana Mmarekani Gregory O'Conor alifika huko mwishoni mwa miaka ya 1950, na Mwingereza Dennis Wright akafika mwaka 1960. Walikuja kwa sababu maswali yalikuwa huku.

Sababu ya pili ni daftari. Mwaka 1897 daktari wa misheni, Albert Cook, alifungua Hospitali ya Mengo katika kilima cha Namirembe. Yeye na wenzake walikuwa na desturi njema: kila mgonjwa aliyelazwa aliandikiwa habari zake kwa uangalifu, na karatasi hizo zikafungwa pamoja na kuhifadhiwa. Miaka ikapita. Mwaka 1951 Davies alianzisha daftari la saratani la Kampala, ili kila mgonjwa wa saratani aliyeonekana katika mji huo na kando yake aandikwe, pamoja na namna ya saratani yake. Lilikuwa miongoni mwa madaftari ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika. Kisha wataalamu wa Mulago wakarudi katika karatasi za Mengo, wakazisoma tangu mwaka 1897 hadi 1956, wapate kujua kama saratani ni maradhi mapya kwa Mwafrika, kama watu wengine walivyodai, au alikuwa nayo tangu zamani. Wakakuta kwamba alikuwa nayo. Matokeo yalitolewa mwaka 1964 katika gazeti la madaktari wa Uingereza, na kati ya majina ya waandishi, pamoja na la Davies, yamo majina mawili ya Waafrika: Mtimavalye na Owor.

Natuyaangalie majina hayo mawili. Elimu ya patholojia katika Afrika Mashariki ilianzishwa na wageni, na kwa miaka mingi wageni ndio walioketi penye hadubini, hali Waafrika walibeba chupa na kusafisha vioo. Daktari Mwafrika aliyetaka ubingwa alilazimika kwenda London au Edinburgh, akajifunza kwa kutazama maradhi ya watu wa huko. Mahali palipokubali kuandika jina la Mwafrika kijana kando ya jina la profesa palikuwa mahali pa kukimbiliwa. Raphael Owor hakuishia hapo. Alikuja kuwa profesa wa patholojia, na mkuu wa kitivo cha udaktari cha Makerere. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Makerere ilianza kutoa shahada zake yenyewe za ubingwa, na tangu hapo daktari wa Uganda, au wa Kenya, au wa Tanzania, aliweza kuwa bingwa bila kuvuka bahari.

Sababu ya tatu ni ujirani wa mafundi. Hapa yatupasa kukaa kidogo, maana kisa hiki kinajulikana ulimwenguni pote. Mwaka 1957 daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji mmoja wa Mulago, Denis Burkitt, amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya zote, za juu na za chini, kulia na kushoto. Burkitt, ambaye alikuwa amepoteza jicho moja tangu utoto wake, hakuwa amepata kuona jambo kama hilo. Baada ya majuma machache alikuwa katika hospitali ya Jinja, akamwona kwa dirishani mtoto mwingine mwenye uvimbe ule ule wa uso; alipomchunguza akamkuta na uvimbe tumboni pia. Akawaza kwamba jambo moja likitokea mara mbili si ajali. Akatafuta katika kumbukumbu za hospitali, na mwaka 1958 akaandika juu ya uvimbe huo wa taya kwa watoto wa Kiafrika.

Lakini Burkitt alikuwa mpasuaji. Jicho lake liliona uvimbe kwa nje. Ndani yake mna nini hakuweza kusema peke yake. Hapo ndipo kazi ya patholojia ilipoonekana. Hapo kwanza, uvimbe wa taya uliandikwa kwa jina hili, wa jicho kwa jina jingine, wa figo kwa jina la tatu, kana kwamba ni maradhi mbalimbali. O'Conor na Davies walikusanya vipande vya uvimbe wa watoto vilivyokuwa vimehifadhiwa, wakavitazama vyote pamoja, na mwaka 1960 wakaonyesha kwamba vingi katika hivyo ni ugonjwa mmoja, saratani ya chembe za limfu. Wright naye akaendelea kueleza sura ya chembe zenyewe, ili daktari wa mahali po pote azitambue akiziona. Tazama basi: mganga alishangaa, mpasuaji akafuatilia, wana patholojia wakatoa jina. Kama watu hawa wangalikuwa katika nyumba tatu zisizosemezana, mtoto yule angalizikwa na siri yake.

Mwezi wa Oktoba 1961 Burkitt na rafiki zake wawili, madaktari Ted Williams na Cliff Nelson, walinunua gari la zamani kwa paundi 250, wakasafiri maili 10,000 kwa muda wa majuma kumi hadi Afrika ya Kusini, wakiuliza katika hospitali moja baada ya nyingine: je, mmeuona uvimbe huu? Wakaweka alama katika ramani. Ikadhihirika kwamba ugonjwa huo hupatikana penye joto na mvua, wala karibu na ikweta hauonekani ila mara chache sana juu ya kimo cha futi 5,000 hivi. Sisi wa sehemu hizi twaweza kuielewa ramani hiyo bila kuchorewa. Moi's Bridge na Kitale ziko juu ya mstari huo, kwa maana ziko mita 1,800 na zaidi juu ya bahari. Bungoma iko chini yake. Mto Nzoia unaopita chini ya daraja letu hutoka katika nchi ya baridi ambako ugonjwa huo ni adimu, ukateremka hadi nchi ya joto iliyo karibu na Ziwa Victoria, ambako watoto huugua. Leo twajua kisa chake: malaria ya mara kwa mara, ambayo hustawi katika nchi ya chini, hudhoofisha ulinzi wa mwili wa mtoto, na virusi fulani hupata nafasi.

Virusi hivyo navyo vilipatikana kwa sababu ya Mulago. Tarehe 22 Machi 1961 Burkitt alihutubu katika Hospitali ya Middlesex huko London, na kati ya wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, mtaalamu wa hadubini ya elektroni. Wakapatana kwamba vipande vya uvimbe vitumwe kwa ndege kutoka Kampala. Miaka miwili hivi ikapita pasipo kuonekana kitu. Mwezi wa Desemba 1963 ndege moja ikazuiliwa na ukungu wa London, ikatua Manchester, na kipande kikachelewa kufika. Maji yaliyokuwamo yalikuwa machafu, hata ikadhaniwa kimeoza. Epstein alipoyatazama akakuta uchafu ule ni chembe hai za uvimbe zinazoelea. Chembe hizo zikakuzwa, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kwamba wameona virusi ndani yake. Ndivyo vilivyokuwa virusi vya kwanza kujulikana kuwa vina uhusiano na saratani ya binadamu. Sifa iliwaendea watu wa London, na waliistahili. Lakini kipande kilikatwa Kampala, kutoka kwa mtoto wa Afrika.

Sababu ya nne ndiyo ninayoiona kuwa bora kuliko zote. Davies alipoondoka, Michael Hutt alishika uprofesa mwaka 1962. Hutt aliona kwamba hospitali ya mbali isiyo na hadubini haimsaidii mgonjwa wake hata kama mji mkuu una hadubini ishirini. Basi akaimarisha utaratibu ambao hospitali zote za Uganda, za serikali na za misheni, ziliweza kutuma vipande vya uvimbe Kampala kwa posta, pasipo malipo, na jibu likarudi kwa njia ile ile. Yeye na wasaidizi wake wakasafiri wakazitembelea hospitali hizo, wapate kuonana na waliotuma. Hivyo daktari aliyejifunza Mulago hakutazama maradhi ya mji mmoja tu, alitazama nchi nzima juu ya meza yake. Na alijua kwamba nyuma ya kila chupa ndogo yuko mtu anayengoja, pengine akiwa amelala juu ya mkeka katika hospitali ya mpakani.

Msomaji asidhani kwamba nasifu tu. Mahali hapo palikuwa na udhaifu wake, na udhaifu mkubwa ni kwamba paliwategemea mno watu wachache, na wengi wao walikuwa wageni wenye tikiti za kurudi kwao. Hutt aliondoka mwaka 1970. Mwezi wa Januari 1971 Idi Amin alitwaa serikali kwa nguvu, na mwaka 1972 akawafukuza Waasia; walimu wengi wakaondoka, wa kigeni na wa Uganda. Vifaa vikaharibika visitengenezwe. Daftari la saratani, lililodumu tangu mwaka 1951, likakatika, wala halikurudi kuandikwa vema hadi mwisho wa miaka ya 1980. Pengo hilo haliwezi kuzibwa. Wagonjwa wa miaka ile hawatahesabiwa tena. Kujenga chuo ni kazi ya miaka thelathini, na kukibomoa ni kazi ya miezi mitatu.

Hata hivyo, kilichopandwa hakikufa. Waliojifunza hapo walikwenda kufundisha kwingine, na leo daktari wa Kenya hana haja ya kupanda treni ya Kampala. Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha ubingwa wa patholojia kando ya Hospitali ya Kenyatta. Tangu mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Aga Khan nacho kimekuwa kikiwafundisha madaktari bingwa Nairobi. Karibu nasi zaidi, Eldoret ina Chuo Kikuu cha Moi, ambacho wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari waliingia mwaka 1990, na hospitali kubwa ya rufaa inayopokea wagonjwa kutoka Kitale, Bungoma, Turkana na kwingineko. Makerere na Mulago nazo zingali zikifundisha.

Lakini wanaochagua kazi hii bado ni wachache. Kijana akiisha kuwa daktari hupenda awe mpasuaji au daktari wa watoto, kwa sababu hao huonwa na kushukuriwa. Hakuna mgonjwa aletaye kuku kwa mtu aliyekaa chumba cha nyuma akitazama vioo, maana hamjui. Matokeo ya uchache huo tunayaona vijijini. Mama mwenye uvimbe wa titi hukatwa kipande, kikatumwa mbali, naye hungoja. Na wakati angojapo, uvimbe haungoji. Mtoto wa nchi ya chini aliyevimba taya anaweza kupona kwa dawa akitambuliwa mapema, kwani saratani ile ya Burkitt huyeyuka upesi mbele ya dawa kuliko saratani nyingi. Lakini hukua upesi pia, na majuma machache ya kungoja jibu yaweza kuwa ndiyo maisha yake yote.

Kwa hiyo, ikiwa mmoja wenu, ninyi mnaosoma kitabu hiki, atakuwa daktari siku moja, na akitaka kuchagua mahali pa kujifunza elimu hii, historia ya Mulago yampa maswali manne ya kuuliza. Je, kazi iliyopo hapo ni nyingi, na ni ya namna mbalimbali, au nitatazama wenzangu wakitazama? Je, kumbukumbu za wagonjwa hutunzwa, hata aliyekufa jana aweze kumfaa atakayeugua kesho? Je, mpasuaji, mganga na mwana patholojia huketi meza moja wakabishana, au kila mmoja hufunga mlango wake? Na tena, je, hospitali ya mbali, kama zile zilizo kando ya reli yetu na zile za bondeni kuelekea ziwani, hupata jibu kutoka hapo?

Mshahara ni haki ya mtu, wala sisemi apuuze nyumba nzuri na mashine mpya. Asemaye kwamba daktari hali wala havai huyo hamjui daktari. Lakini Davies hakuwa na mashine nyingi, na Burkitt alikuwa na jicho moja na gari kuukuu. Walichokuwa nacho ni kazi iliyowazidi, daftari lililoandikwa kila siku, na wenzao wa kuuliza. Palipo na vitu hivyo vitatu, na posta inayofika kijijini, hapo ndipo daktari kijana apeleke mzigo wake.